Koitalel arap Samoei: Orkoiyot, Fimbo Tatu na Fuvu Linalotafutwa

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na mashujaa kwanza kupitia tendi. Fumo Liyongo amefundishwa katika madarasa yetu kwa miongo mingi, na wapo wakazi wa pwani wanaomwonyesha mgeni kaburi lake karibu na Kipini, lakini sijapata kumsikia mhadhiri akidai kwamba mfupa wa Liyongo upimwe kwanza ndipo utenzi wake usadikike. Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi kuanzia mwaka 1895 hadi alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905, hana bahati hiyo. Sehemu ya maisha yake imehifadhiwa katika masimulizi ya wazee, na sehemu nyingine imo katika majalada ya jeshi la Uingereza na shajara ya mtu aliyemuua. Juu ya hayo inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Makala haya yanakusudia kueleza maisha ya kiongozi huyo, ndugu zake waliohamia Kericho na wanawe, kisha kuuliza ni kitu gani hasa ambacho sayansi ya vinasaba ingeweza kututhibitishia endapo fuvu lingeletwa mbele yetu.

Yafaa kwanza kuondoa utata wa istilahi. Magazeti hupenda kumwita Koitalel mfalme, na vitu vyake huitwa masalia ya kifalme. Waingereza nao walimwita laiboni, neno walilolichukua kwa Wamaasai. Kwa maoni yangu majina yote mawili hayamtoshi. Orkoiyot hakuwa na kiti cha enzi, wala hakukusanya kodi, na mambo ya kila siku ya Wanandi yaliamuliwa na mabaraza ya wazee wa kokwet. Alikuwa mwonaji na mbarikiaji. Vijana wasingeweza kwenda vitani bila idhini yake, na sehemu ya ng'ombe waliotekwa ilimwendea. Aliogopwa kuliko alivyopendwa. Cheo hicho kilikaa katika ukoo wa Talai, ambao mapokeo ya Wanandi wenyewe yanasema ulitokana na waganga wa Kimaasai waliopokelewa zamani. Kwa hiyo ukoo mtukufu kuliko zote katika nchi hiyo ulikuwa, kwa asili, ukoo wa wageni. Nitamwomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa sababu litarudi tutakapofika kwenye suala la damu.

Urithi wenye damu

Koitalel alizaliwa yapata mwaka 1860. Babake, Kimnyole arap Turukat, ndiye orkoiyot anayekumbukwa kwa utabiri wa kuja kwa wageni weupe na nyoka wa chuma atemaye moshi, atakayetambaa kutoka bahari ya mashariki hadi kukata kiu yake katika ziwa la magharibi. Mwisho wa Kimnyole ulikuwa mbaya. Maafa yalipoiandama nchi, ng'ombe wakafa kwa maradhi na vijana wakaangamia katika uvamizi alioubariki, Wanandi walimgeukia wakamuua kwa marungu mnamo mwaka 1890. Wasomi wa upinzani dhidi ya ukoloni aghalabu hulipitia tukio hili haraka, pengine kwa sababu linaiharibu picha ya taifa lililoshikamana nyuma ya nabii wake. Mimi naona ndilo lililomfunza Koitalel siasa. Alijua tangu ujanani kwamba watu wanaompa mwonaji ng'ombe ndio hao hao wanaoweza kumuua.

Baada ya kifo hicho wana wa Kimnyole waligombania urithi. Kipchomber arap Koilegei alikuwa na wafuasi wake, na Koitalel alikuwa na wake, hasa vijana waliotaka vita. Kufikia mwaka 1895 Koitalel alikuwa ameshinda. Kipchomber alivuka kusini akaingia kwa Wakipsigis, katika nchi ambayo leo ni kaunti za Kericho na Bomet, akawa orkoiyot wao wa kwanza. Ndiyo maana Talai wako pande zote mbili, Nandi na Kericho, na ndiyo maana habari za Koitalel zinasimuliwa katika vijiji vilivyozungukwa na mashamba ya majani chai ambako yeye mwenyewe hakutawala.

Vita vya miaka kumi na mmoja

Mwaka huo huo wa 1895 mfanyabiashara Mwingereza aitwaye Peter West aliuawa katika nchi ya Wanandi pamoja na wapagazi wake, na serikali ikatuma kikosi cha kwanza cha kuadhibu. Vikosi vingine vilifuata katika miaka ya 1897, 1900 na 1903. Wanandi walikata nyaya za simu wakazifanya mapambo, na walichukua vyuma vya reli wakavifua kuwa silaha. Reli ilifika ukingoni mwa Ziwa Viktoria mnamo Desemba 1901, kama Kimnyole alivyotabiri, lakini kufika kwake hakukumaanisha amani. Wanandi hawakupigana kwa makundi makubwa ya uwanjani. Walijua vichaka na miteremko ya nchi yao, wakashambulia usiku na kutoweka, na askari waliotoka sehemu nyingine hawakuwa na mbinu ya kuwakabili isipokuwa kuchoma nyumba na kuteka mifugo.

Mwishoni mwa 1905 serikali iliamua kulimaliza jambo hilo. Jeshi la zaidi ya watu 1,000 liliandaliwa, likisaidiwa na wapiganaji wa Kimaasai. Kabla halijaanza kazi, Luteni Kanali wa baadaye Richard Meinertzhagen, wakati huo afisa kijana wa King's African Rifles, alipanga kukutana na Koitalel kwa mazungumzo. Walikutana tarehe 19 Oktoba kwenye kilima cha Kaidparak, mahali palipo leo mji wa Nandi Hills.

Hapa njia za wasimulizi zinaachana. Meinertzhagen aliandika kwamba Koitalel alikuwa amemwekea mtego, kwamba alishikwa mkono na kuvutwa, na kwamba alifyatua risasi ili kujiokoa. Wanandi wanasimulia kwamba orkoiyot alikuja na majani mkononi, ishara ya amani, akanyoosha mkono kusalimia, na akapigwa risasi akiwa amenyoosha mkono huo. Yasiyobishaniwa ni kwamba Koitalel aliuawa kwa risasi ya karibu sana na watu zaidi ya ishirini aliofuatana nao wakauawa pia. Mabaraza matatu ya uchunguzi ya kijeshi yalimwondolea Meinertzhagen lawama, lakini mwaka 1906 aliondolewa Afrika Mashariki, jambo linaloonyesha kuwa hata wakubwa wake hawakuwa na raha na maelezo yake. Vita vilivyofuata viliwaua Wanandi zaidi ya 1,000, ng'ombe wao wakatekwa kwa maelfu, na jamii ikasukumwa kaskazini kutoka kwenye ardhi iliyo karibu na reli. Sehemu ya ardhi hiyo ndiyo iliyopandwa majani chai baadaye.

Waliobaki

Kifo cha Koitalel hakikuwamaliza Talai, na serikali ilijua hivyo. Mwaka 1914 Kipchomber na nduguze waliokuwa Kericho walikamatwa wakahamishiwa nchi ya Wagikuyu, na Kipchomber akafia uhamishoni. Kule Nandi, Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alishika uorkoiyot mwaka 1919. Mwaka 1923 alipangiwa kuongoza sherehe kubwa ya saget ab eito, ambayo ni ya kukabidhiana madaraka baina ya marika. Serikali iliiogopa kuwa maandalizi ya uasi, ikamkamata. Hakuachiliwa hadi mwaka 1964, baada ya uhuru kupatikana. Zaidi ya miaka 40! Wengi wetu tukiulizwa mfungwa wa kisiasa aliyekaa kizuizini muda mrefu kuliko wote katika Kenya tutawataja wengine kwanza. Barsirian alifariki mwaka 1974.

Waliobaki Kericho walipata adhabu yao kwa sheria. Mwaka 1934 ilitungwa sheria maalumu ya kuwaondoa walaiboni, na Talai wapatao 700, wanaume kwa wanawake na watoto, wakahamishiwa Gwassi kando ya Ziwa Viktoria, mahali palipojulikana kwa malaria na mbung'o. Ni nadra kukuta sheria iliyotungwa dhidi ya ukoo mmoja kwa jina la kazi yake. Wakati huo kampuni kubwa za chai zilikuwa zimekwisha kujikita Kericho tangu miaka ya 1920. Waliporejea katika miaka ya 1960 Talai wengi hawakuwa na mahali pa kurudi, na baadhi yao wamekuwa wakiishi kwa kubanana pembezoni mwa mji wa Kericho. Wakipsigis na Talai walipeleka malalamiko yao kwa wataalamu wa Umoja wa Mataifa, na mnamo Agosti 2022 wakawasilisha shauri katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Fimbo tatu na mkusanyaji mwongo

Mwaka 2006 fimbo tatu za uongozi za Koitalel zilirudishwa Kenya kutoka Uingereza. Zilikuwa katika familia ya Meinertzhagen, naye mwanawe alikubali kuzitoa. Zilipokelewa kwa shangwe, na Nandi Hills pana jumba la makumbusho lenye jina la Koitalel.

Je, tuna hakika gani kuwa ndizo? Swali hili si la kuwakejeli wazee waliozipokea. Linatokana na tabia ya mtu aliyezitunza. Meinertzhagen alisifika duniani kama mtaalamu wa ndege, na mwaka 1954 makumbusho ya historia ya asili ya London yalipokea maelfu ya ngozi za ndege alizokusanya. Katika miaka ya 1990 watafiti walizichunguza upya, jinsi zilivyopasuliwa, zilivyojazwa pamba na kushonwa, wakagundua kwamba ngozi nyingi aliziiba katika makumbusho, pamoja na makumbusho hayo hayo ya London, akazibandika vitambulisho vipya vyenye tarehe na mahali pa kubuni. Bundi mmoja wa misitu ya India, ambaye Meinertzhagen alidai kumpata mwaka 1914, alithibitishwa kuwa ni ngozi kuukuu iliyokusanywa na mtu mwingine katika karne ya 19. Watafiti walipoacha kumwamini Meinertzhagen wakatafuta mahali palipotajwa na wakusanyaji wa kweli, walimpata bundi huyo akiwa hai mwaka 1997. Shajara zake nazo zimetiliwa shaka na wanahistoria. (Jina lake, kwa njia, limebaki katika jina la kisayansi la nguruwe mkubwa wa msituni aliyetambulishwa kwa wataalamu mwaka 1904. Sijui kama Wanandi wamepata kupewa habari hiyo, lakini nadhani wangeipenda.)

Kwa fimbo, vinasaba havisaidii sana. Kijiti kilichoshikwa na mikono ya watu wengi kwa karne nzima kimebeba jasho la wote, na jasho la mwenyewe wa kwanza limefunikwa na la wengine. Uhalisi wa fimbo hutafutwa kwa njia nyingine: aina ya mti na mahali uotapo, ufundi wa kuchonga, picha za zamani, na ushahidi wa wazee wanaojua alama za mamlaka ya orkoiyot. Katika jambo hili naona ushahidi una nguvu ya kutosha. Meinertzhagen aliwahi kudanganya ili kujipatia sifa ya kukusanya, lakini kwamba alimuua Koitalel na kukusanya vitu vyake, hilo pande zote zinalikubali.

Fuvu na vinasaba

Fuvu ni jambo jingine. Hadi leo hakuna fuvu lililotambuliwa hadharani kuwa la Koitalel, ingawa madai ya kulirudisha yamesikika mara nyingi, na yalisikika tena Mfalme Charles III alipoizuru Kenya mwishoni mwa mwaka 2023. Kipimo cha vinasaba huhitaji pande mbili, mfupa na jamaa. Upande wa jamaa upo. Upande wa mfupa haupo bado.

Majirani zetu wa kusini wamekwisha kuona kipimo hiki kikifanya kazi. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Berlin. Wakfu wa Urithi wa Utamaduni wa Prussia ulichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki yaliyomo katika hifadhi yake, na mwaka 2023 ukatangaza kwamba baadhi ya mafuvu ya Kilimanjaro yamelinganishwa na sampuli za watu walio hai na jamaa zao wakapatikana. Moja lilikuwa limeandikwa jina la Akida, aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwamo katika yaliyotambuliwa. Tulinganishe jambo hili na fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe lililorudishwa Kalenga mwaka 1954. Gavana Edward Twining alilichagua Bremen kwa kupima uwiano wa upana na urefu wa fuvu na kuulinganisha na wa jamaa za Mkwawa. Kipimo cha namna hiyo hakiwezi kumtenga mtu mmoja na maelfu wenzake, na wasomi wameendelea kulitilia shaka.

Kwa Koitalel mambo yangeendaje? Kuna sehemu ya vinasaba, kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwana pasipo kuchanganyika na ya mama. Wanaume wa Talai wanaotokana na Kimnyole wangekuwa nayo moja. Lakini hapo ndipo ugumu ulipo: kromosomu hiyo ingetuambia kwamba fuvu ni la mwanamume wa nyumba ya Kimnyole, isingetuambia kama ni Koitalel au Kipchomber aliyefia uhamishoni, au ndugu mwingine. Ili kuwatenganisha ndugu inabidi kulinganisha vinasaba vyote na vya wazao. Mjukuu hubeba takriban robo ya vinasaba vya babu yake, ilhali kwa ndugu wa babu sehemu anayoshirikiana naye ni thumuni tu. Tofauti hiyo inaonekana maabarani, hasa wazao kadhaa wakipimwa pamoja.

Kiswahili kimetupa hapa neno zuri na la hatari. Vinasaba, yaani vijisehemu vya nasaba. Neno nasaba kwa watu wa pwani ni silsila ya majina inayosomwa na kulindwa, na walioliunda neno hili walitaka sayansi isikike kama jambo tulilolijua zamani. Ila nasaba na damu si kitu kimoja, na katika nchi ya Wanandi na Wakipsigis tofauti hiyo inajulikana vizuri. Mwanamke aliyekosa mwana wa kiume huweza kuoa mwanamke mwenziwe kwa mahari kamili. Watoto wa mke huyo huwa watoto wa nyumba ya mume wa yule aliyeoa, hurithi mifugo na ardhi, na hutajwa katika ukoo wake bila kigugumizi, ingawa aliyewazaa kwa damu ni mwanamume wa nje. Mtu wa namna hii ni mjukuu halali wa babu yake kwa sheria zote za kwao. Maabara ingemkana.

Hata ukoo wa kifalme wa Uingereza umepatwa na jambo kama hilo. Mifupa ya Richard III, iliyofukuliwa Leicester mwaka 2012, ilithibitishwa kwa vinasaba vinavyopita upande wa akina mama, lakini kromosomu Y yake haikuafikiana na ya wanaume wanaohesabiwa kuwa wa ukoo wake wa kiume. Mahali fulani katika silsila hiyo ndefu baba aliyeandikwa hakuwa baba aliyezaa. Waingereza hawakubatilisha nasaba ya mtu yeyote kwa sababu hiyo.

Hofu yangu ni ya Kericho na Bomet. Ikiwa siku moja fidia itapatikana, na mtu fulani akapendekeza kwamba Talai wa kweli watambuliwe kwa mate ndani ya chupa, ukoo ambao mapokeo yake yenyewe husema ulipokelewa kutoka nje utagawanywa na kipimo kisichojua maana ya kupokelewa. Kipimo kilichokusudiwa kutambua mfupa wa marehemu hakifai kuwa hakimu wa walio hai. Haya mawili yatenganishwe kwa maandishi kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sijaona likijadiliwa. A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wanandi kilichotoka mwaka 1909, alieleza kwamba wafu wengi wa Kinandi wa wakati huo hawakuzikwa. Waliwekwa nje wakaachiwa fisi, na waliozikwa walikuwa hasa wazee sana na watoto wachanga. Mifupa haikuwa kitu cha kutunzwa. Heshima kwa fuvu la Koitalel basi haikutoka katika desturi ya kale. Imezaliwa na kule kukatwa, kama ni kweli lilikatwa. Aliyechukua ndiye aliyekifanya kitu hicho kuwa cha kudaiwa, na dai halipungui uzito kwa kuwa jipya.

Endapo madai haya yataendelea, kazi ya kwanza haiko London. Wana wa Barsirian ni wajukuu wa Koitalel, na wale waliosalia ni wazee. Kitukuu hubeba thumuni ya vinasaba vya Koitalel, kilembwe hubeba nusu ya thumuni, na kilembwekeza nusu ya hiyo. Sampuli zikichukuliwa sasa, kwa ridhaa na chini ya ulinzi wa wazee wa Talai wa Nandi na Kericho, zinaweza kuhifadhiwa hata miaka hamsini zikingoja fuvu.